Kujiita na Kuitwa: Lugha ya Nafsi na Jinsia katika Kibera na Kawangware

Makala haya yanahusu maneno ambayo kwayo wanawake transijenda wa Nairobi hujieleza, na maneno ambayo kwayo huelezwa na wengine. Kwa neno transijenda, ambalo limekwisha kuingia katika Kiswahili cha Kenya, anakusudiwa hapa mtu ambaye alipozaliwa alihesabiwa kuwa mtoto wa kiume, na ambaye mwenyewe, kwa namna anavyoijua nafsi yake, ni mwanamke. Mtu huyo asichanganywe na huntha, ambaye maumbile ya mwili wake ndiyo yenye utata. Wala asichanganywe na mwanamume anayependa wanaume wenzake, kwa kuwa swali la huyo ni ampende nani, na swali la yule ni yeye ni nani. Tofauti hizi tatu si ngumu kueleza. Hata hivyo msamiati wa Kiswahili, kama unavyoonekana katika magazeti na mazungumzo ya kila siku, hauzitenganishi barabara, na kutokana na mchanganyiko huo watu wameumizwa. Ndiyo sababu jambo hili ni la wanaisimu pia, si la mahakimu na matabibu peke yao.

Raila ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, pamoja na Gatwekera, Kisumu Ndogo, Makina, Lindi, Silanga, Laini Saba na vinginevyo. Kimepewa jina la mwanasiasa Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Langata tangu mwaka 1992 hadi 2013, na ambaye alifariki Oktoba 2025. Kawangware iko ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Katika mitaa hii miwili husikika Kidholuo, lahaja nyingi za Kiluhya, Kikuyu, Kikamba na, hasa Makina, Kinubi; na juu ya zote hizo Kiswahili pamoja na Sheng. Nyumba za mabati zimepakana ukuta kwa ukuta, na lisemwalo ndani ya chumba kimoja husikika katika cha pili. Mahali kama hapo mtu hana nafasi kubwa ya kuwa siri. Huwa lile analoitwa.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni sarufi. Kiswahili hakimwulizi msemaji jinsia ya mtu anayemsema. Yeye ni yeye. Kiambishi a- ni cha kila mtu. -M- na -ake kadhalika. Mtu akisema, "Amerudi, nimemwona na mkoba wake," msikilizaji hajui kama aliyerudi ni mume au mke, wala sentensi haina upungufu wowote. Ngeli ya kwanza humkusanya mtu kwa utu wake. Lugha nyingine za Kibera ziko hivyo hivyo. Kidholuo kina en kwa nafsi ya tatu umoja, bila kubagua. Kinubi kinastahili kuangaliwa zaidi, maana asili yake ni Kiarabu, lugha ambayo hutenganisha huwa na hiya na kuupeleka utengano huo mpaka katika vitenzi na vivumishi. Lakini Kinubi, katika safari yake ya kutoka Sudan pamoja na askari waliopewa makazi Kibera, kiliuacha mzigo huo njiani na kubakiwa na uo peke yake. Kisomali, ambacho pia husikika Nairobi, hakiko hivyo. Na Kiingereza hakiko hivyo: walimu wa Nairobi wanajua vizuri jinsi mwanafunzi anavyoweza kumfanya baba yake kuwa mke na mama yake kuwa mume katika insha moja, si kwa utovu wa akili, bali kwa sababu lugha ya nyumbani haikumzoeza kuulizwa swali hilo.

Matokeo yake ni kwamba majirani wa Raila wanaweza kuzungumza juu ya mwenzao siku nzima, kwa Kiswahili au kwa Kidholuo, pasipo kulazimika kutoa hukumu juu ya jinsia yake. Hii inaweza kuitwa stara ya sarufi. Isichukuliwe, hata hivyo, kuwa zaidi ya ilivyo. Lugha isiyobagua jinsia katika viwakilishi haimfanyi msemaji wake kuwa mpole. Watu wale wale wasemao yeye bila kubagua wana matusi tele, na matusi hayo yote hubagua.

Jinsia ambayo haikuulizwa katika kiwakilishi huulizwa mara moja katika maamkizi. Huwezi kumwita mtu mzima kwa heshima bila kuchagua: bwana au bibi, kaka au dada, baba au mama. Sheng nayo huchagua, kwa siste na mathe upande mmoja, buda upande wa pili. Na hata msee, ambalo limetokana na mzee na ambalo siku hizi hutumiwa kwa mtu yeyote kijana, bado lina harufu ya kiume. Kisha kuna desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, desturi ambayo huonekana kumfungia mlango mwanamke asiyezaa. Lakini neno mama lina mlango wa pili. Mama mboga, mama samaki, mama nguo: hapa mama si mzazi wa mboga wala wa samaki. Ni mwanamke anayejulikana mtaani kwa kazi yake. Kwa mlango huo mwanamke transijenda mwenye kibanda cha sukumawiki anaweza kuingia katika hesabu ya wanawake wa mtaa muda mrefu kabla ofisi yoyote haijamhesabu, na pengine bila ofisi yoyote kumhesabu kamwe. Msusi wa nywele ana nafasi ya namna nyingine, kwa kuwa jina la kazi yake halisemi lolote juu ya jinsia.

Majina ya watu yana habari nyingi zaidi. Miongoni mwa Waluo, ambao ni wengi katika kijiji cha Raila, majina ya wakati wa kuzaliwa huja jozi jozi: Otieno na Atieno kwa aliyezaliwa usiku, Ochieng' na Achieng' kwa aliyezaliwa jua likiwa kali, Okoth na Akoth kwa aliyezaliwa mvua ikinyesha. O- ni ya kiume, A- ni ya kike. Ichukuliwe mfano kwamba mtu aliyepewa jina la Otieno alipozaliwa ametambua kwamba yeye ni Atieno. Ni irabu moja tu iliyobadilika. Maana ya jina imebaki kama ilivyokuwa: aliyezaliwa usiku bado alizaliwa usiku, na ushahidi wa mama yake juu ya saa ya kuzaliwa haukukanushwa. Wabukusu, na Waluhya wengine wanaofuata desturi hiyo, wana jozi kama hizo: Wanjala na Nanjala kwa mtoto wa wakati wa njaa, Wekesa na Nekesa kwa mtoto wa mavuno, Wafula na Nafula kwa mtoto wa mvua. Kwa watu wa lugha hizi, kubadili jina kunaweza kufanywa pasipo kuvunja kumbukumbu ya nyumbani.

Kwa Wakikuyu, ambao ni wengi Kawangware, shida ni kubwa zaidi. Majina ya kiume na ya kike ni maneno mbalimbali kabisa, na zaidi ya hayo mtoto hupewa jina la jamaa aliyemtangulia: mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, msichana wa kwanza jina la nyanya mzaa baba, na kuendelea. Jina basi ni deni. Anayeliacha huonekana kama anayemwacha babu bila mtu wa kumrudisha duniani, na manung'uniko ya wazee katika jambo hili yasidharauliwe kuwa ni chuki tupu. Mara nyingine ni huzuni. Audrey Mbugua Ithibu, ambaye kesi yake itaelezwa baadaye, alibadili jina la kwanza tu, lile la kizungu. Majina ya ukoo yalibaki. Jina aliloliacha halina haja ya kutajwa hapa.

Sasa yaangaliwe maneno ambayo Kiswahili kimerithi kwa kuwataja watu wasiokaa sawasawa katika mume na mke. Mawili ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu, kh-n-th, wenye maana ya ulaini na kupindika. Kutokana na mzizi huo wanasheria wa Kiislamu walitenga khuntha, yaani mtu ambaye maumbile yake hayako wazi, na mukhannath, yaani mwanamume mwenye mwendo na tabia za kike. La kwanza lilikuja katika Kiswahili kama huntha, likabaki neno la wanazuoni, likahifadhi heshima yake. La pili lina ndugu yake katika Kiswahili, hanithi, ambaye hakupata bahati hiyo: alipewa maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume, kisha akawa tusi. Heshima ya huntha imeonekana tena hivi karibuni nchini Kenya. Katika sensa ya mwaka 2019, ambayo ilikuwa ya kwanza kuwahesabu watu hao peke yao, walipatikana watu 1,524 katika nchi ya watu 47,564,296. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliwataja watoto wa namna hiyo na kuwalinda. Wanawake transijenda hawakuhesabiwa. Sababu moja, hapana shaka, ni kwamba utata wa mwili unaweza kuonyeshwa kwa daktari, na ujuzi wa nafsi hauonyeshwi, husemwa tu.

Neno lingine ni mkesimume. Katika taarifa fupi juu ya Unguja iliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1899 neno hili limeandikwa pamoja na maelezo kwamba wenyeji waliwatofautisha watu waliozaliwa hivyo na waliojizoeza, na kwamba hali ya wale wa kwanza ilisemwa kuwa ni amri ya Mungu. Taarifa yenyewe ina dharau nyingi za wakati wake. Lakini ikiwa mwandishi alisikia vizuri, basi watu wa Unguja wa karne ya 19 walikuwa na njia ya kusema kwamba hali kama hii yaweza kuwa ya kuzaliwa nayo na si ya kutaka, jambo ambalo wasemaji wengi wa leo hudhani limeletwa juzi kutoka Ulaya.

Shoga lina historia ya ajabu kupita yote. Katika pwani mwanamke humwita rafiki yake mwanamke shoga, na katika neno hilo kuna mapenzi, siri za pamoja na kuazimana kanga. Kutoka hapo likapewa mwanamume aliyekaa na wanawake na kutenda kama wao; na kutoka hapo, katika miongo ya karibuni, magazeti na mimbari za bara zimelifanya kuwa jina la mwanamume yeyote anayependa wanaume, na ushoga kuwa jina la jambo lenyewe. Deborah Amory alilieleza neno hili pamoja na basha katika makala yake ya mwaka 1998. Kwa wanawake transijenda wa Nairobi mabadiliko hayo yamekuwa na madhara maalumu: neno ambalo kwa maana yake ya zamani lingewapokea miongoni mwa wanawake, kwa maana yake mpya huwarudisha miongoni mwa wanaume. Audrey Mbugua amesisitiza hadharani mara nyingi kwamba suala la transijenda si suala la ushoga. Baadhi ya watu wamemlaumu kwa kuwakana wenzake wanaoteswa kwa sheria zile zile. Lawama hiyo ina uzito wake, lakini kama hoja ya msamiati usemi wake ni sahihi.

Utafiti juu ya jambo hili katika eneo la Waswahili na jirani zao ulianza kwa mabishano. Mwaka 1977 Unni Wikan alichapisha katika jarida la Man makala juu ya watu waitwao khanith katika mji wa Suhar, Oman: watu waliovaa mavazi ya kati na kati, waliokaa pamoja na wanawake, na ambao hata hivyo waliendelea kuwa na majina ya kiume na haki za kiume katika sheria. Mwaka uliofuata Gill Shepherd, aliyekuwa na ujuzi wa Mombasa, alijibu kwamba cheo na mali havikupewa nafasi yao katika maelezo hayo. (Kiswahili hakimlazimu mtu kusema kama watafiti hao ni wake au waume, na hoja zao hazipungui.) Lililo muhimu kwa makala haya ni kwamba katika maelezo ya Wikan khanith aliweza kurudi kuwa mwanamume kamili kwa kuoa na kuthibitisha uwezo wake. Maana yake ni kwamba jina hilo lilikuwa jina la matendo yaliyoonwa na wengine. Halikuwa jibu la swali mtu ajijuavyo.

Na hapa ndipo ilipo kasoro ya maneno yote yaliyotajwa: hanithi, mkesimume, shoga, hata huntha. Yote ni ya nafsi ya tatu. Hutumiwa kumsema mtu, na ni nadra mtu kuyatumia kujisema. Kiswahili kina bahati ya kutumia neno moja, nafsi, kwa ile roho ya mtu isemayo mimi na kwa ile sehemu ya sarufi ionyeshayo nani anayesema. Wanawake transijenda hujieleza kwa nafsi ya kwanza, na wanapofanya hivyo huyaacha majina hayo yote na kushika vitenzi.

Vitenzi hivyo aghalabu vina kiambishi -ji-: kujijua, kujitambua, kujikubali, kujiita. Kiambishi hiki kiliwahi kupata heshima kubwa katika siasa za Afrika Mashariki, hasa Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati kujitegemea na kujitolea yalipokuwa maneno ya kila mkutano. Lakini -ji- ina upande wa pili. Kujidai, kujitia, kujifanya: katika hivi, anayejitendea ni mwongo au mwenye majivuno. Kufanya ni kazi njema, na kujifanya ni ulaghai. Kuita si kosa, lakini mwandishi wa gazeti aandikapo "anayejiita mwanamke" amekwisha kumwambia msomaji asiamini. Hivyo mtu asemapo kwamba amejitambua, msikilizaji asiyemtakia mema anaweza kubadilisha kitenzi kimoja tu, akiacha kiambishi kama kilivyo, na kusema kwamba amejifanya. Ugomvi wote uko katika mzizi uliofuata -ji-.

Kwamba huu si mchezo wa maneno kunaonekana katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Eldoret Agosti 2025. Mwanamke transijenda, ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi mbili tu, alikuwa amekamatwa mwaka 2019 kwa shutuma za kujifanya mtu mwingine. Akiwa mikononi mwa dola alifanyiwa upekuzi wa mwili uliomvunjia heshima. Jaji Reuben Nyakundi aliamua kwamba haki zake zilikiukwa, akaamuru alipwe shilingi 1,000,000, na akaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu transijenda. Kilichokuwa mashakani katika kesi hiyo, kwa mtazamo wa lugha, ni kujifanya: je, aliyevaa na kujiita kama mwanamke amejifanya mtu mwingine, au ameacha kujifanya?

Kujikubali kunahitaji maelezo kidogo. Kukubali, neno lenye asili ya Kiarabu, kunataka pande mbili: mmoja analeta ombi, zawadi au habari, na mwingine anaipokea. Katika kujikubali nafsi moja inabeba kazi zote mbili. Ndiyo maana mara nyingi kujikubali huelezwa kuwa kunakuja baadaye na kwa taabu kuliko kujitambua. Mtu anaweza kujitambua katika utoto, na kuijua habari hiyo miaka 20 bila kuipokea, akiwa mlangoni pa nafsi yake mwenyewe kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Dini ya nyumbani, maneno ya shuleni, hofu ya kumwaibisha mzazi, yote husimama kati ya anayeleta habari na anayepaswa kuipokea. Kwa muda mrefu tiba nayo ilisimama hapo hapo, kwa kuiita hali hii ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani liliiondoa katika sura ya magonjwa ya akili kwa orodha mpya iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022.

Vyombo vya habari vya Kiswahili vimezoea kusema "waliobadili jinsia". Usemi huu una faida ya kueleweka na si tusi, na hakuna haja ya kumkemea anayeutumia. Hata hivyo unasimulia hadithi fulani: kwamba hapo kwanza palikuwa na mwanamume, kisha akaondoka, akaja mwanamke. Kugeuka na kubadilika hutaka pawepo kitu cha kwanza kilicho kweli kabla ya cha pili. Wako wanaoyaelezea maisha yao hivyo, kama safari yenye kutoka na kufika. Wako wengine wanaokataa kabisa, wakisema kwamba kilichobadilika ni mavazi, jina, pengine mwili, na karatasi, lakini aliyekuwa akijua ndani hakubadilika. Alikuwa yule yule tangu mwanzo.

Kiswahili kina kitenzi kinachoweza kuwabeba wote. "Amekuwa mwanamke," husema sentensi moja, na msomaji hufahamu kwamba sasa ni mwanamke na zamani hakuwa. Ongeza maneno mawili, "amekuwa mwanamke tangu utotoni," na maana imegeuka bila kitenzi kuguswa: hakuna aliyeondoka, hakuna aliyekuja. Kuwa ni kuingia katika hali na pia ni kukaa katika hali, na hali timilifu ya -me- huyaruhusu yote mawili. Lugha nyingi za Ulaya humlazimu msemaji kuchagua kati ya vitenzi viwili kwa kazi hii. Mtafsiri anayeandika kwa Kiswahili kutoka lugha hizo aghalabu hukimbilia kubadili au kugeuza kwa kuogopa utata, na kwa kufanya hivyo huamua jambo ambalo mwenye habari hakuliamua. Ingefaa utata huo uachwe mahali pake.

Katika lugha ya serikali hakuna utata unaoachwa mahali pake. Kutokana na -tambua hupatikana -tambulisha, yaani kumfanya mtu atambuliwe, na kutokana na hiyo kitambulisho, kifaa cha kumtambulisha. Mtu hujitambua mwenyewe, lakini hutambulishwa na kifaa. Historia ya kifaa hicho nchini Kenya ni ya kiume. Kipande cha wakoloni, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, kilikuwa cha wanaume Waafrika na kilivaliwa shingoni. Na ilikuwa mwaka 1978 ndipo sheria ya uandikishaji ilipobadilishwa ili wanawake nao waandikishwe. Kwa zaidi ya miaka 50, basi, mwanamke wa Kenya hakuwa na haja ya karatasi ili awe mwanamke. Haja hiyo ni changa.

Kesi za mwaka 2014 zilihusu karatasi. Mwezi Julai Jaji George Odunga aliamuru kusajiliwa kwa chama cha kuelimisha umma na kutetea watu transijenda, ambacho Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilikuwa imekataa kukisajili, ikitia shaka majina na jinsia za baadhi ya wahusika. Mwezi Oktoba Jaji Weldon Korir aliamua kesi ya Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani la Kenya. Mbugua alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Maseno, lakini cheti chake cha shule ya sekondari kilikuwa na jina na alama ya jinsia ambavyo mwajiri yeyote, akimtazama aliyesimama mbele yake, angeviona kuwa vya mtu mwingine. Ikumbukwe kwamba hakuiomba mahakama imfanye mwanamke, wala imtangaze kuwa mwanamke. Aliomba cheti kiseme jina lake. Jaji aliamuru kitolewe cheti chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsia kabisa, akiona kwamba sheria haikuilazimisha alama hiyo na kwamba kuiondoa hakukipunguzii cheti thamani. Cheti hicho kilikuwa cha Kiingereza, lakini kwa uamuzi huo kilikaribia tabia ya kiwakilishi cha Kiswahili: kinamtaja mtu na alama zake za mtihani, na jinsia hakiulizi.

Kuna sababu moja zaidi kwa nini jina lina uzito huu, nayo iko katika jibu la swali la kawaida kabisa. Mtu wa Nairobi akiulizwa "Unaitwa nani?" hujibu "Naitwa fulani". Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Msemaji hasemi ajiitavyo. Anatoa taarifa ya jinsi wengine wamwitavyo. Mwanamke asemaye "naitwa Atieno" kwa mara ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kumwita hivyo, ametoa taarifa ya jambo ambalo bado halijatendeka, na usemi wake hauwi kweli mpaka pawepo mtu wa pili wa kuutimiza: dada yake, mpangaji wa chumba cha pili, mteja. Kujiita kunaweza kufanywa na mtu mmoja. Kuitwa hakuwezi.

Na siku hizi anayeita si mtu tu. Tangu mwaka 2007 malipo madogo madogo ya mitaa kama Raila na Kawangware yamehamia katika M-Pesa, na mtu anapotuma pesa kwa nambari ya simu huletewa ujumbe wenye jina la mpokeaji kama lilivyoandikishwa kwa kitambulisho. Mama mboga aliyeitwa Atieno na wateja wake asubuhi nzima huitwa Otieno na simu ya mteja wakati wa kulipa, mbele ya foleni, kwa sukumawiki ya shilingi 20. Wenye uwezo huandikisha nambari ya till, ambayo humwonyesha mlipaji jina la biashara badala ya jina la mtu. Wengine husema kwamba leo wanapokea pesa taslimu tu.